Mbuzi Aliyelidai Gitaa la Asidi

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Ruashi kila Jumamosi kupiga makelele, leo zimeni kwanza. Kaeni. Nimesikia mmoja wenu akisema gitaa lile la msumarini liwekewe nyaya zote sita, lipakwe rangi nyeusi, lipate sura ya picha. Atakayelipaka rangi, mimi nitampaka yeye. Gitaa lile lilibakiza kidogo sana lichomwe moto, na mimi na uzee wangu nililala chini mlangoni ili lisichomwe. Nawaandikia jinsi ilivyokuwa, maana kwa mdomo hamnisikii. Masikio yenu nimeyaua mwenyewe kwa ngoma.

Msitafute hapa maneno ya profesa. Shule niliiacha darasa la tatu, na sikuipigia magoti inirudishe. Kuandika nilikomalia baadaye, kwa kunakili maneno ya nyimbo ukutani na kipande cha makala, yaani mkaa. Mkiona herufi zangu zimesimama kama zinataka ugomvi, zilizaliwa hivyo.

Baba alikuwa fundi wa mbabula, yale majiko ya makala ya bati ambayo mama zenu wanapikia bukari, yaani ugali, kila umeme ukikatika. Nyundo ya pili ilikuwa yangu. Nililijua bati kabla sijawajua watu. Bati jipya linapiga kelele kama watoto wanaotoka shule. Bati lililokwisha kuona moto linajibu chini, kwa kifua. Mimi nagonga, lenyewe linajibu, siku nzima, na majirani wanalalamika. Mmoja tu hakulalamika.

Alisimama mbele ya karakana yetu, mrefu, mkavu, suruali yake matundu matupu. Wakati ule hakuna aliyevaa matundu kwa kupenda. Alikuwa anachaji betri za magari kule Bel-Air, na maji ya betri yalikuwa yanamla suruali kidogo kidogo. Mama yake alimwita Gastoni. Mji ulimwita Asidi.

"Yaya, ni weye njo unapigaka vile?" Yaya kwetu ni dada, na njo ni ndiye.

"Ni miye. Unataka mbabula ya bukubwa gani?"

"Sitaki mbabula. Nakutaka weye."

"Kama ni kuoa, baba eko nyuma ya nyumba, na eko na nyundo ingine."

"Apana kuoa. Kupiga ngoma. Niko na gitare, niko na muntu wa besi. Muntu wa kugonga njo sina."

"Ngoma ya kanisa?"

"Ya kuamsha bantu."

"Kwani bantu beko balala?"

"Weye unaona beko macho?"

Baba akatoka, akayaangalia yale matundu, akauliza swali la wazee: ukoo wa mama yako ni upi? Kwetu sisi watu wa Kibemba ukoo unafuata mama. Asidi akasema, "Bena Ngo," yaani watu wa chui. Baba akacheka mpaka akaweka nyundo chini, kwa sababu mimi, kwa mama yangu, ni wa Bena Mbushi, watu wa mbuzi. Chui na mbuzi ni banungwe, watani wa tangu mababu. Chui anamla mbuzi, kila mtu anajua, kwa hiyo watu wa koo hizo mbili wana ruhusa ya kutukanana mbele ya watu, na anayekasirika ndiye mjinga. Tena chui akifa, mbuzi anakwenda kwenye kilio kumtukana maiti usoni, anaziba njia ya sanduku, na hakuna wa kumfukuza mpaka apewe anachodai. Shikeni jambo hilo, tutalihitaji mbele.

"Kumbe uko chakula yetu!" Asidi akaniambia. "Na miye natembea na njaa tangu asubui."

"Chui gani hii?" nikamjibu. "Madoa yote imeanguka, imebakia matundu!"

Baba akaniruhusu hapo hapo. Alisema mtu anayetukanwa hivyo na bado anacheka hawezi kuharibu mtoto wa mtu. Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, na mpaka mifupa iliponikataza kukaa kwenye kigoda cha ngoma, sikufanya nyingine niliyoiheshimu zaidi.

Sasa kuhusu vyombo. Ninyi mnanunua. Sisi tulikuwa tunaokota, na kuokota kuna akili yake. Ngoma yangu ya kwanza niliiwamba ngozi ya mbuzi. Asidi akaita mtaa mzima uje kuona: "Angalieni, anapiga nkambo yake fimbo!" Nkambo ni bibi. Nilitukanwa msimu wote wa mvua, na hiyo mvua ilikuwa ya kweli, ngozi ikalegea, ikawa inasema bufu, bufu, kama mtu anayetembea na viatu vyenye maji. Nikaitupa. Nikapata dawa: picha za mifupa. Zile karatasi nyeusi za plastiki ambazo hospitali zinampiga mtu kuona kama amevunjika. Zikishazeeka watu wanazitupa. Unaiweka juani kidogo, unaivuta juu ya pipa, unaikaza na waya, na inapiga kavu, pa! Mvua haiijui. Ngoma yangu kubwa ilikuwa na mbavu za mtu nisiyemjua. Jua likipiga kwa nyuma, zilikuwa zinaonekana, na watu walidhani ni uchawi. Niliwaacha wadhani.

Na sahani za kugonga, mnazoziita simbali. Msihangaike na shaba. Najua, huu ni mji wa shaba, kila mtu anadhani shaba itaimba. Shaba nyekundu ukiipiga inasema puu, kama mkate. Kilichonifaa ni bamba la msumeno wa duara, ule wa kupasulia mbao, ambao fundi mmoja wa Kasungami alinipa kwa mbabula nzuri. Uliojikunja kidogo ni bora kuliko ulionyooka. Ukiugonga unalia mpaka uushike na mkono unyamaze, na ushike kwa tambara, mimi nina alama kwenye vidole za kuwafundisha.

Gitaa alilitengeneza mwenyewe. Mbao ni mlango wa mulombwa, mti mwekundu mgumu. Kile kinachosikia nyaya ni sikio la simu ya mezani ya zamani, alilifungua akalizungushia waya mwembamba upya. Nyaya ni breki ya baiskeli. Unaifungua breki, ndani kuna nyuzi nyingi zilizosokotwa, unazipanga kwa unene. Lakini ule wa sita, mwembamba kabisa, kila akiuweka unakatika na kumchapa mkono. Mwishoni akaacha pengo. Watu wakamuuliza, mbona nyaya ni tano? Akasema: "Ile nyembamba ni ya kubembeleza. Siye hatubembelezi."

Na mtu wa besi alikuwa Rajabu. Familia yake ni Waislamu wa asili ya Maniema, baba yake Mzee Ramazani fundi cherehani mwenye jina. Besi ya Rajabu ilikuwa babatoni: waya mmoja, mti mmoja, pipa moja, unalikalia na kulitikisa. Mazoezi yetu yalikuwa yanafuata sala za Rajabu, na hiyo ilitufaa, maana bila yeye hatungejua wakati wa kupumzika. Shida yake ilikuwa baba yake. Kila tukiwa na tamasha, Rajabu alichana suruali yake magotini ili afanane na Asidi. Na kila akiamka siku ya tamasha, anakuta suruali imeshonwa, tena imeshonwa vizuri kuliko ilivyonunuliwa, imepigwa pasi na mstari wa katikati.

"Papa, hii ni ya musiki! Inatakiwa ipasuke!"

"Musiki yako ipasuke," Mzee Ramazani alimwambia. "Suruali ya mutoto yangu apana."

Rajabu akawa mwanamuziki pekee wa panki mwenye suruali yenye mstari. Mkiona picha yetu ile moja, yule anayefanana na karani ndiye yeye.

Nimesema panki. Nani alituambia neno hilo? Asidi alikuwa anatengeneza redio pia. Mtawa mmoja alimletea redio yake ya kaseti, kaseti imekwama ndani, akasema ni makelele ya mtoto wa dada yake aliyekuja kumtembelea, itupwe. Asidi hakutupa kitu maishani mwake. Aliitoa, akauunganisha mkanda uliokatika, akaisikiliza kwenye mashine yake mwenyewe. Ilikuwa watu wanne wanakimbia na vyombo kama wameiba. Alikuja karakana anahema. "Bati," maana alishanipa jina, "kumbe kuko bantu bengine sawa siye!" Kwenye ganda la kaseti kulikuwa na neno moja la kalamu, na mtawa, alipokuja kuchukua redio yake, alitusomea: panki. Basi.

Tukajifunza kwa kaseti ile mpaka mikono ikavimba. Haikuwa kazi ya binadamu, mwendo ule. Mimi nilikuwa nalala na viganja ndani ya ndoo ya maji. Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa familia ya Kikasai, mwenye kusoma chuo, akatuletea nyimbo zilezile kwenye simu yake. Tukasikiliza. Zilikuwa zinakokota miguu.

"Hawa bantu beko bagonjwa?" nikauliza.

"Njo mwendo yabo ya kweli, mama," kijana akasema.

Asidi akaenda kuitoa ile mashine yake ya zamani, akaifungua. Mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umekatika zamani zile, na yeye alikuwa ameweka mwingine aliokata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, mnene. Mpira mnene unazungusha haraka. Miaka yote hiyo tulikuwa tunafukuza mwendo ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuupiga, na tukaukamata. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akafuta macho akasema: "Tusipunguze hata kidogo."

Huyo ndiye mtu ninayewaeleza. Mimi nimeona wanamuziki wengi, wenye sauti tamu, wenye magari. Sijaona mwingine ambaye ukimwambia amekosea, anafurahi.

Tamasha la kwanza lilikuwa Bel-Air, uani kwa baa moja. Kipaza sauti kilikuwa cha chuma, nyaya za gitaa za chuma, umeme haukuunganishwa ardhini. Asidi alipoweka mdomo kwenye kipaza sauti, umeme ukamng'ata. Akaruka juu na mikono miwili. Akarudi kuimba, ukamng'ata tena, akaruka tena.

"Huyu muntu eko na mapepo!" mama mmoja akapiga kelele.

"Apana, ni staili!" vijana wakajibu, na wakaanza kuruka.

Kesho yake watoto wa Bel-Air wote walikuwa wanaruka vile barabarani, na mpaka leo mnaruka, hamjui ni kuchapwa na umeme. Basi shikeni: jukwaani vaeni kandambili za mpira, zote mbili, hata kama ni mbaya kwa macho. Na kipaza sauti kivisheni soksi. Soksi safi, Rajabu aliwahi kutoa yake na nusura tumpoteze Asidi kwa njia nyingine.

Wimbo wa pili, umeme ukakatika. Gitaa likafa. Nikasimamisha mikono. Asidi akanigeukia na macho yale: "Nani amekuambia uache?" Nikaendelea, Rajabu akaendelea na pipa lake, na Asidi akaimba kwa koo tupu, mbele kabisa, mate yanaruka:

Bukari baridi, bukari baridi,
mwenye nyumba amekula ya moto!
Maji kwa jirani, vumbi kwa miye,
mwenye nyumba amekula ya moto!

Watu wa uani wakauchukua, wakaupiga kwa chupa na vijiko. Umeme uliporudi hakuna aliyeutaka. Tangu siku hiyo tukafanya kuwa sheria. Asidi alisema umeme ni mgeni, na mgeni akiondoka wenye nyumba wanaendelea kula.

Kitu kimoja kilitutenga na bendi zote za mji. Mnajua wenzetu wanaishi kwa kuimba majina ya wakubwa. Tajiri mmoja mwenye malori alikuja mpaka kwenye mazoezi yetu kule Bel-Air, akashuka, akafuta viatu.

"Muzee Asidi, utaje tu jina yangu. Mara moja, mu katikati ya wimbo."

"Unafanyaka nini, papa, ili tuimbe?"

"Niko na malori."

"Basi malori ijiimbe. Iko na honi."

Rajabu alianguka kutoka juu ya pipa. Tajiri aliondoka, na sisi siku ile tulirudi Ruashi kwa miguu, vyombo kichwani, mimi na mbavu za yule mtu nisiyemjua juu ya kichwa changu. Mguu uliniuma. Lakini nawaambia ukweli, sijawahi kutembea nikiwa mrefu vile.

Nikisema hivyo msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Alisifu mtu kama mbuzi anavyotaga. Sifa yangu kubwa kutoka kwake ni siku aliyosema, "Bati, leo hukuniuzi." Niliibeba mwaka mzima.

Sasa tufike mlangoni.

Msimu wa baridi, ule upepo wa kiangazi unaoleta vumbi, kifua kilimshika Asidi na hakikumwachia. Siku moja asubuhi alikuja hapa uani, akakaa juu ya pipa la Rajabu. Gitaa alilishika lakini hakulipiga.

"Bati."

"Nini?"

"Nikikufa, Donati atakuya na kwaya."

Donati ni kaka yake, tumbo moja, pasta wa kanisa moja la maombi hapa hapa Ruashi.

"Si pasta? Ulitaka akuye na timu ya mupira?"

"Batasema nilikuwa mupole."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Bazike miye na wimbo yoyote, sawa. Lakini na bongo, apana." Kwetu bongo ni uongo. "Maisha yote niliimba bintu ya kweli. Nisiende mu udongo na bongo juu yangu. Na bengine bote batafukuzwa. Weye uko munungwe yangu. Weye habawezi kukufukuza."

"Na gitare?"

Akaliangalia. "Isikufe na miye."

Nikamwambia sawa. Nikamwambia pia kwamba chui anayekohoa hivyo hata mbuzi hamtaki. Akatabasamu. Hayo yalikuwa matusi yangu ya mwisho kwake akiwa hai, na siyajutii.

Alipokufa, Donati alilichukua gitaa chumbani kwake, akalifungia ndani ya nyumba ya familia. Akatangaza kwenye kilio, mbele ya watu wote, kwamba chombo hicho ndicho kilichomla mdogo wake, na siku ya mazishi, watu wakirudi kutoka makaburini, kitachomwa moto uani. Rajabu alikwenda kumwomba kwa heshima. Akajibiwa kwa maombi. Vijana wa bendi nyingine wakaenda, wakaonyeshwa mlango.

Mimi sikuomba. Nilisubiri asubuhi ya mazishi.

Tulifika wakati sanduku limetolewa nje. Kwaya imevaa nyeupe. Mtu wa kusoma maisha ya marehemu alisimama akasema ndugu yetu Gastoni alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, mwenye sauti tamu, asiyegombana na mtu. Rajabu akaniinamia sikioni, uso wake na machozi: "Bati, tumekosea parseli? Hii ni kilio ya nani?" Parseli ni kiwanja cha nyumba.

Nikaenda mlangoni mwa ua, pale gari la maiti linapopita. Juu ya kitenge changu nilikuwa nimevaa suruali ya Asidi, ile ile ya matundu, aliyoiacha kwangu, nimeifunga na kamba. Nikaweka msumeno wangu begani kama jembe. Nikalala chini, nikaikinga njia. Mifupa ililia, niliisikia.

Watu wakaguna. Kwaya ikanyamaza kipande kipande.

"Munaniletea nani hapa?" nikapiga kelele. "Mupole? Mupole gani? Huyu aliyelala mule ndani aliimba sawa mulango yenye haina mafuta! Sauti tamu? Kuku ya jirani iliachaka kutaga! Hakugombana na mutu? Na miye aligombana, na Rajabu aligombana, na mwenye nyumba aligombana, na malori! Alikataa kubembeleza mukubwa hata mumoja, njo maana alikufa na suruali hii. Munaona? Hii njo utajiri ya chui!"

Nikaupiga msumeno kwa fimbo. Ukalia juu ya ua wote.

Watu walianza kubanwa na kicheko, lakini walikuwa wanamwangalia Donati. Alikuja taratibu, Biblia kifuani, suti nyeusi. Ni mtu mkubwa, sura ya Asidi ile ile, ila imeshiba.

"Mama Bati, tafazali. Uheshimu maiti. Mambo ya banungwe siye tulishaachaka. Tuko bantu ya Mungu."

"Mulishaachaka?"

"Tulishaachaka."

Alikuwa na maneno mazuri. Na watu wa kanisa walikuwa wameanza kukubali na vichwa. Kama angenyamaza pale, vijana, wangeninyanyua taratibu kama bibi mgonjwa, wakaniweka pembeni, na jioni kungekuwa na majivu. Nikamwangalia kutoka chini, nikasema kwa sauti ya huruma kabisa:

"Aa. Basi ni kweli. Nilisikia chui ya siku hizi inakulaka majani. Njo maana mumebakia na manyoya tu."

"Majani?" Donati akalipuka. "Weye mbuzi! Nkambo yako tulimukula na pembe yake, na kwato yake tulichezea mupira!"

Halafu akaweka mkono mdomoni.

Amekwisha kujibu. Pasta, na suti, na Biblia, amejibu. Chui hawezi kuachia tusi la mbuzi lilale njaa, hata akibatizwa mtoni. Ua mzima ukapasuka. Kwenye mkeka wa wafiwa, mama yao, Mama Kalaba, mzee kuliko sisi wote, aliyekuwa hajasema neno tangu siku mwanawe alipokufa, akapiga makofi mara moja.

"Amejibu!" akasema. "Donati, umejibu. Sasa ulipe."

"Alipe! Alipe!" watu wakaitikia, na wanakwaya wawili niliwaona vizuri sana.

Donati alifuta uso. Akaingiza mkono mfukoni, maana watani wengi wanadai vitu vya mfukoni.

"Unataka nini, Mama?"

"Unajua."

"Sijue."

"Gitare."

Kicheko kikakatika. Dereva wa gari la maiti akapiga honi, akaambiwa anyamaze.

"Ile kintu nilishasema mbele ya bantu itachomwa," Donati akasema polepole.

"Nilisikia. Na miye nasema mbele ya bantu sitoki. Mupite juu yangu na sanduku. Mutaona kama chui inaweza kuruka mbuzi bila kuinusa."

Alimwangalia mama yake. Mama Kalaba hakumsaidia, alikuwa amelikazia macho lile sanduku. Basi Donati akaingia nyumbani mwenyewe. Akakaa ndani muda. Mimi chini, baridi inaingia kwenye matundu ya suruali, nafikiri: analivunja. Halafu tukasikia waya mmoja ukilia, ule mnene wa juu, mara moja tu, kama mtu aliyeugusa bila kujua.

Akatoka amelibeba kwa mikono yote miwili, jinsi mnavyobeba mtoto wa mtu mwingine. Hakuwa amelishika maishani mwake.

"Iko muzito," akasema.

"Ni mulango," nikamwambia. "Mulango ya mulombwa."

"Na alikuwa anaibeba kwa miguu? Mupaka Bel-Air?"

"Kwenda na kurudia."

Akanipa. Akasimama pale, akaifunga Biblia, akawageukia watu. Ile karatasi ya mpole na mnyenyekevu ilikuwa mkononi mwa yule msomaji, na Donati akamwashiria aiweke mfukoni.

"Mudogo yangu alikuwa mugumu," akasema. "Tulilala kitanda moja, alikuwa ananitupaka chini. Nilimukataza, hakusikia. Nilimuombea, hakupunguza. Hakuniogopaka hata siku moja." Akawainulia mkono wabeba sanduku. "Sasa mumubebe."

Hiyo ndiyo hotuba nzuri kuliko zote nilizosikia kwenye kilio, na ilitoka kwa pasta.

Nikainuka. Rajabu alikuwa amekwisha kukalia pipa. Umeme haukuwepo, na hata ungekuwepo nani angeunganisha nini? Nikapiga msumeno, mwendo wetu, ule wa mpira mnene. Wabeba sanduku walikuwa vijana wa kanisa, waliofundishwa kwenda pole pole. Mpaka kona ya kwanza miguu yao ilikuwa imeshachanganyikiwa, mpaka ya pili walikuwa karibu wanakimbia, na watu nyuma wanaimba bukari baridi. Tulifika makaburini kabla ya wachimbaji kumaliza kaburi. Asidi ni mtu wa kwanza niliyemwona akilisubiri.

Ndiyo hadithi ya gitaa. Linaning'inia pale kwenye msumari, si kwa kuabudiwa. Lipigeni. Likikatika waya, kuna breki za baiskeli kwenye ndoo. Jozi ya kandambili iko chini yake, ni za kazi, msiende nazo chooni. Pengo la waya wa sita liacheni pengo.

Donati bado anahubiri. Jumamosi akipita hapa anasimama nje ya ukuta anapiga kelele: "Weye mbuzi, punguza!" Nami nawaambia mmoja wenu aongeze. Hajawahi kuondoka kabla ya wimbo kwisha.

Na mimi nitakufa, msishtuke, si leo. Wajukuu zangu, watoto wa binti zangu, ni mbuzi kama mimi, na nawajua: watalifungia gitaa ndani, watasema ni ukumbusho wa nyanya. Watamleta mtu wa kusoma karatasi, atasema Mama Bati alikuwa mpole. Basi waulizeni mama zenu, kabla ya Jumamosi ijayo, ninyi ni wa ukoo gani. Lazima kati yenu kuna chui. Huyo achague mahali pake mlangoni mapema, na aanze leo kujifunza kunitukana vizuri, maana mpaka sasa matusi yenu hayana mwendo.